Kuyatazama na kuyanusa maua ya Kitulo

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyo katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania kati ya mikoa ya Njombe na Mbeya, ilitangazwa mwaka 2005, na sababu kubwa ya kuihifadhi ilikuwa mimea yake. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, juu ya udongo wa volkano, na kuna aina za mimea zipatazo 350, zikiwemo okidi 45 zinazoota ardhini.

Mvua huanza Novemba, na kuanzia Desemba hadi Aprili mbuga huchanua kwa zamu, aina moja ikinyauka huku nyingine ikifunguka. Kati ya Juni na Agosti, baridi ya usiku inapoweza kufikia kuganda, mgeni ataona nyasi zilizokauka tu, ingawa okidi ziko pale pale chini, zimejihifadhi katika viazi vyao zikisubiri mvua.

Jambo ambalo wageni wengi hawalizingatii ni saa. Rangi na harufu ya ua humlenga mdudu au ndege anayebeba chavua yake, kila mmoja kwa wakati wake wa kutembea. Kniphofia, yenye mashada marefu mekundu na ya rangi ya chungwa, huwavuta ndege aina ya chozi. Na kwa kuwa ndege hao hutafuta chakula kwa macho kuliko kwa pua, hata ukiliinamia shada lake hutapata harufu ya maana. Okidi za jamii ya Habenaria, ambazo nyingi ni nyeupe au za kijani kibichi, ni kinyume chake. Mchana hazina mvuto, na wapiga picha huzipita, lakini jua likizama baadhi yake hutoa harufu tamu inayowaita nondo wenye ndimi ndefu, ambao ndio wanaoweza kufikia mbochi, yaani maji matamu ya ua, uliofichwa mwishoni mwa mrija mwembamba ulio nyuma ya ua. Satyrium, okidi nyingine, utaitambua kwa mirija yake miwili. Wapo pia matapeli: okidi nyingi za jamii ya Eulophia hujipamba kwa rangi za kupendeza bila kuwa na mbochi wowote, na nyuki huondoka na chavua mgongoni bila malipo. Binafsi nawapenda hao kuliko wote.

Kwa hiyo anayefika saa sita mchana na kuondoka saa tisa ameona rangi tu, tena chini ya mwanga mkali unaozififisha. Asubuhi, umande ukianza kukauka, na jioni kuanzia saa kumi na mbili, ndipo pua inapopata kazi yake.

Naomba ua lisichumwe wala mmea usichimbwe. Okidi hizi nyingi huwa na viazi viwili, kimoja kinacholisha shina la mwaka huu na kingine kinachoandaliwa kwa msimu ujao, na mchimbaji hung'oa vyote kwa pamoja. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula, hivyo haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu wa ardhini, na ndiyo maana pengo huchukua muda mrefu kuzibika. Hata hivyo viazi hivyo huchimbwa kwa biashara, hasa kwa soko la Zambia, ambako hupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda.

Ukitokea Chimala utapanda kwa barabara yenye kona nyingi iitwayo Hamsini na Saba, ambayo huteleza sana wakati wa mvua. Panda mchana ukiwa na gari lenye nguvu, koti zito na viatu vya matope, na upange kulala Matamba au ndani ya hifadhi, ili jioni usilazimike kushuka mlima kabla Habenaria hazijaanza kunukia.