Pedali zikikaza ghafla, usikimbilie kulaumu umeme

Hapa Goma, mashine ya kuendeshea baiskeli ndani ikikaza ghafla, tunalaumu umeme. Lakini umeme ukikatika, breki yake ya sumaku kwa kawaida hulegea!

Ukiiamuru ishike wati 200, yaani nguvu unayotoa miguuni, itazishika hata ukichoka, kwa kukaza breki kila unapopunguza mwendo. Ukishuka kutoka mizunguko 90 ya pedali kwa dakika hadi 60, kila msukumo unakuwa mzito kwa nusu zaidi. Unapunguza tena, inakaza tena, mpaka unabaki kama msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mwenye magunia ya viazi mlimani. Acha kukanyaga sekunde chache, kisha anza kwa kasi.

Inakaza na mwendo haujabadilika? Angalia simu: pengine programu mbili zinaiamuru kwa Bluetooth. Funga moja.