Mvue Sweta, Mtazame Kifua

Julai ikifika Nairobi, watoto hufungwa boshori, sweta mbili na shali juu, na mama ukimuuliza atakwambia anamkinga mwanawe na nimonia. Wengi tunaamini baridi humwingia mtoto kifuani. Kumbe nimonia huletwa na bakteria na virusi, si baridi yenyewe. Msimu huu tunajifungia ndani, madirisha yamezibwa, mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ile ile. Jiko la makaa likiletwa chumbani, moshi wake huumiza mapafu ya mtoto, na hewa ya makaa yenyewe yaweza kuua watu usingizini. Sweta si kosa, mtoto apate joto. Ninachohofia ni kwamba zinaficha kifua, na kifua ndicho kinachosema.

Tena watu husubiri kikohozi kizito ndipo waseme ni nimonia. Mtoto anaweza kukohoa hadi atapike, kumbe ana homa ya kawaida tu; mwingine hakohoi sana, ila anahema mbio. Mfunue akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, uhesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi asitimize mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, 40. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, au amelegea, toka naye uende hospitali usiku huo huo. Usimpe antibiotiki iliyobaki ya kaka yake.

Chanjo ya nimokoko (bakteria mmojawapo anayeleta nimonia), inayotolewa Kenya tangu 2011, hupunguza hatari hii sana, lakini haizuii kila nimonia. Aliyechanjwa naye ahesabiwe pumzi.

Joto la mwili nalo si lazima liwe malaria. Nairobi malaria ni chache. Kama mtoto ametoka Kisumu au Pwani majuzi, mwambie daktari, apimwe kabla ya dawa.

Na kuhara? “Anamea meno,” majirani watasema. Meno huwasha fizi, hayaharishi. Endelea kumnyonyesha, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo cha kwenye pakiti, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma mapema. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole, kijiko kwa kijiko.