Je, wajua? Kwa nini historia ya Kariakoo inataka sikio

Tamka kwa sauti, kama Mwingereza angetamka: Carrier Corps. Neno la pili lina herufi tano, lakini kinywani hubaki "koo" tu. R, p na s zote humezwa. Rudia upesi mara mbili tatu, utajikuta uko katikati ya soko maarufu kuliko yote Dar es Salaam.

Ndiyo asili ya jina Kariakoo. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakaweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi. Hao walikuwa Waafrika waliobebeshwa risasi, unga na majeruhi, wakitembea nyuma ya askari porini miezi na miezi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina halikutungwa ofisini. Watu walisikia neno la wageni, wakalisema walivyolisikia, likabaki. Nairobi nako kuna Kariokor, neno lile lile likiwa limepita katika masikio mengine.

Sasa, kwa nini podikasti inafaa sana kueleza historia ya mji ambayo wengi hawaijui? Kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo imekaa midomoni. Ukiliandika Kariakoo kwenye kibao, siri yake inajificha. Ukilitamka, inafunguka yenyewe, na msikilizaji aliye kwenye daladala anaikamata bila kuelezwa mara ya pili.

Na Kariakoo haiishii kwenye jina lake. Pita mitaani: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Tunayataja majina haya kila siku tukielekezana duka, lakini ni majina ya mahali kusini mwa Tanzania palipopiganiwa mwaka 1917: Narung'ombe mwezi Julai, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba, vita vya siku nne vilivyomwaga damu nyingi. Mtu anaweza kuzaliwa Mtaa wa Mahiwa, akaoa, akazeeka hapo hapo, asijue kwamba anwani yake ni uwanja wa vita. Mimi hili linaniuma. Mji umewakumbuka wapagazi kwa majina yake, sisi tukayageuza kuwa njia za kupitia tu.

Tazama pia Sanamu la Askari pale Mtaa wa Samora. Liliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Aliyesimama juu ni askari mmoja, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Sanamu la Nairobi lina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. La kwetu, juu yake, lina askari peke yake.

Kutengeneza kipindi cha namna hii hakudai studio. Simu inatosha, pamoja na chumba chenye mapazia na kitambaa juu ya kinasa sauti ili upepo usivume ndani yake. Kazi hasa ni kukaa na wazee. Mwamkie, mwache aanze anapotaka yeye, na usimkatize akinyamaza. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya kimya. Maandishi yangekifuta kimya hicho. Sauti inakitunza, pamoja na kicheko na lafudhi ya Kizaramo iliyobaki katika maneno yake.

Lakini kumbukumbu ya mtu si ushahidi kamili, na uongo nao husafiri vizuri kwa sauti. Kwa hiyo lazima uende Nyaraka za Taifa ukalinganishe miaka na ramani. Zikigongana simulizi mbili, zipe nafasi zote. Chukua jina la mji wenyewe: wapo wanaosema ni "dar", nyumba ya amani, na wapo wanaoshikilia kwamba lilianza kama "bandar", bandari ya salama, tangu Sultani Majid alipoanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860. Weka mzee wa upande huu na wa upande ule katika kipindi kimoja. Msikilizaji atapima mwenyewe.

Kipindi cha Kariakoo mimi ningekifungua bila muziki. Ningesimama sokoni saa mbili asubuhi, simu mkononi, nikanasa mikokoteni na vijana wenye magunia mabegani wanaopita mbio wakipaza sauti: "Pisha! Pisha mzigo!" Zaidi ya miaka mia moja imepita, na wapagazi bado wako pale pale, wakiomba njia.