Mashine ya presha haikudanganyi, ni wewe hujaketi

"Mashine ya nyumbani ni ya uongo. Nimepima nikapata 158, nikarudia nikapata 141." Maneno haya yamezagaa Lamu, Mkomani hadi Langoni, na wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo. Presha si kimo cha mtu. Hubadilika kila dakika, na mashine nzuri ni lazima ikuonyeshe hivyo.

Kinachoharibu ni upimaji. Mtu kapanda ngazi hadi ghorofani, kanywa kahawa tungu, kafunga mkanda juu ya nguo, na bado anazungumza! Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo. Keti kimya dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, usipandanishe miguu. Mkono uwe wazi, juu ya meza, usawa wa moyo. Ukining'inia, namba ya juu huweza kuzidi kwa 10. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao huzidisha. Mkanda ukae vidole viwili juu ya kiwiko. Pima mara mbili ukiacha dakika moja kati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7.

Kisha andika. "Ilikuwa mia na arobaini na kitu" hainisaidii mimi daktari kupanga dozi. Daftari la shule latosha: tarehe, saa, namba ya juu, ya chini, mapigo, dawa umemeza au la. Ziandike zote, hasa zile mbaya. Anayeleta nzuri tupu ili daktari afurahi hubaki na dozi isiyomtosha. Namba za siku ya kwanza huziacha, nikatafuta wastani wa zilizobaki: 135/85 kwenda juu ni presha ya juu, ingawa hospitalini mpaka ni 140/90.

Ati ikipanda kichwa kitauma? Wengi hawahisi chochote hadi kiharusi. Programu ya kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ya simu, ifute. Ndimu na kitunguu saumu, kula upendavyo, ila vidonge usiache; na chumvi ya mawe ni chumvi, sawa na ile ya kwenye ng'onda.

Ukipata 180/120 kwenda juu, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo bila dalili, mwone daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua chauma, pumzi haitoshi, mdomo umepinda au mkono umelegea, weka daftari chini uende hospitali. Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwani Pate, msingoje boti ya asubuhi.