Kuambata na kuambukizwa ni mambo mawili

Juzi tena dukani kwa dawa hapa Majengo, binti ameshika karatasi ya maabara ya kupima mkojo imeandikwa E. coli, jina la bakteria, yuamuuliza muuza dawa "sasa mume wangu hii kaitoa wapi akaniambukiza?" Macho mekundu. Na si wa kwanza kumsikia.

Maambukizi ni kijidudu kuingia mahali mwilini, kikazaana, kikaanza kudhuru. Basi. Hakuna sharti la mtu aliyekupa.

Fujo yaletwa na neno lenyewe. Ambua ni kubandua, vile unavyoambua ganda la muhogo. Ganda likitoka lenyewe limeambuka, likitoka hapa likamshika mwengine limemwambukia, na anayesababisha hayo ndiye ameambukiza. Kwa hivyo sikio la Mswahili likisikia "umeambukizwa" lishaanza kumtafuta mtu, na ndoa zaingia matatani kwa ajili ya kiambishi tu!

Sasa ambata, ndugu yake wa shina moja, ndilo neno linalofaa hapa. Ukoko wa wali ukiambata chini ya sufuria wafungulia bomba maji yapita juu yake tu, hautoki mpaka uukwangue. E. coli ndivyo afanyavyo. Kwao ni utumboni mwako mwenyewe, anaishi huko miaka bila neno, siku akisogea mpaka mlango wa mkojo akapanda kibofuni lazima ashike kitu la sivyo mkojo wamtoa. Ana vijinywele, nchani pana protini iitwayo FimH, inakamata sukari aina ya manosi iliyoko juu ya seli za kibofu, na ajabu ni kwamba mkojo ukimvuta ndio yazidi kukaza. Hapo ameambata, bado hajakuuguza. Akishaingia ndani ya seli akazaana, mwili ukaanza kupigana naye, ndipo mkojo wachoma na hayo sasa ni maambukizi.

Tendo la ndoa laweza kumsukuma karibu na mlango wa mkojo, ni kweli, lakini mara nyingi ni yuleyule wa utumboni mwako, si wa mtu mwengine. Kisonono ni habari nyengine, hicho kweli waambukizwa.

Kwa hivyo dadangu, karatasi ikisema E. coli sema "nimeshikwa na ugonjwa wa mkojo", umeze dawa uzimalize, na mzee wa watu umwache ale chakula chake.