Nyoka wa Chuma ni wa Nani?

Kila habari ya reli inapozuka, ubishi ule ule hurudi mitandaoni: ni nabii wa jamii gani aliyeitabiri treni kabla haijaja? Mmoja ataandika kwamba Syokimau, nabii wa Wakamba, aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka pwani na watu tumboni mwake. Wa pili atajibu kuwa huyo nyoka ni wa Mugo wa Kibiro, mwaguzi wa Wakikuyu ambaye wengine humwita Chege wa Kibiru, na atamtaka "mwizi" afute alichoandika. Kabla hawajapumua, Mnandi naye ameshaingia na Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, aliyetabiri nyoka mwenye kutema moshi, kisha akauawa na watu wake mwenyewe karibu na mwaka 1890. Basi hapo matusi huanza. Upande wa Wakamba una turufu moja ambayo haikosi kutolewa: kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya iliyozinduliwa 2017 kiko Syokimau. Nakiri hoja hiyo hunichekesha kila nikiisoma, ingawa haithibitishi lolote.

Sisi tunaofanya kazi ya kunakili na kutunza fasihi simulizi hapa jijini huulizwa tuamue kesi hii. Nani mkweli kati yao? Mimi husema kesi yenyewe imefunguliwa vibaya. Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Njiani uligusa nchi za Wakamba, Wakikuyu na Wanandi, na kila jamii ilibidi itafute maneno ya kuelezea kitu kirefu, cheusi, chenye moshi, kinachomeza watu na kuwatapika mbali. Ajabu ingekuwa jamii moja kukosa nyoka. Tena, utabiri wa Mugo tunausoma katika kitabu cha Jomo Kenyatta kilichotoka 1938, wakati treni ilikuwa imeshapita Nairobi kwa karibu miaka 40. Simulizi halipungui thamani kwa sababu hiyo. Ila msomaji ajue kwamba limeandikwa na kizazi kilichokua treni ikiwapo, na huenda moshi na chuma vimekolezwa kwa sababu hiyo.

Tatizo, nadhani, ni kwamba tumeanza kuzisoma hadithi za wazee kwa jicho la shabiki wa filamu. Filamu ina mwenyewe. Ina studio, ina mawakili, na studio ikisema mhusika fulani amekufa, amekufa. Mashabiki watalia lakini watakubali kuwa hilo ndilo toleo rasmi. Mighani haina toleo rasmi. Fumo Liyongo, ambaye kila mwanafunzi wa sekondari Kenya amekutana naye, alichapishwa kwa nathari London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere, kisha Muhamadi Kijumwa wa Lamu akamtungia utenzi mwaka 1913. Humo mote ni shujaa yule yule wa mkate wenye tupa ndani na wa sindano ya shaba kitovuni. Hata hivyo hakuna aliye na mamlaka ya kusema mmoja ndiye Liyongo halali na mwingine ni wa bandia. Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, vilevile: msimulizi huyu atasema aliyemsaliti ni mke wa Kinandi, yule atasema ni wa Lang'o, na vijana watakesha wakirushiana maneno juu ya hilo, ilhali Lang'o ni jina ambalo Wajaluo waliwaitia majirani zao Wakalenjin.

Kukosa toleo rasmi si kukosa wenyewe, lakini. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na anayetaka kuzichuma kibiashara anatakiwa kupata ridhaa ya jamii husika kwanza. Wanaotengeneza video za ngano zenye matangazo wangefanya vyema kuisoma.

Kuna na uzushi mtupu. Umewahi kukutana na ule wa Mufasa, baba yake Simba katika filamu ya The Lion King? Kwamba Mufasa lilikuwa jina la mfalme wa mwisho wa "Wabagada" wa Kenya, waliotoweka Waingereza walipoingia. Kenya haina kabila la Wabagada. Jina lililo karibu ni Baganda wa Uganda, nao hawajatoweka popote: ufalme wao ulifutwa 1967, ukarudishwa 1993, Kabaka, yaani mfalme wao, yupo, na katika orodha ya waliomtangulia hakuna Mufasa. Uzushi huu unaaminika kwa sababu moja ya maana. Katika filamu hiyo ya 1994, Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno tunayoyajua, kwa hiyo mtu hudhani na la nne lazima liwe na kwao.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Wangu wa Makeri. Utasoma kwamba alitawala Wakikuyu wote, akawa anakalia wanaume migongoni, mpaka wanaume wakala njama ya kuwapa wanawake wote mimba kwa wakati mmoja na kumpindua. Hapa vitu viwili vimeshonwa pamoja. Wangu alikuwa mtu wa historia: serikali ya kikoloni ilimfanya hedimani, yaani mkuu wa eneo, wa Weithaga, Murang'a, mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Karuri wa Gakure, na akaachia ngazi mwaka 1909 baada ya kashfa ya kucheza kibata, ngoma ya wanaume. Njama ya mimba nayo ni kisasili, tena cha zamani zisizo na tarehe. Ndani yake wanaume wanashinda, wanataka kubadilisha majina ya koo yaliyotokana na mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote, na wanawake wanatishia kutozaa tena. Ndiyo maana, kisasili chasema, koo zina majina ya kike hadi leo. Hedimani aliyejiuzulu 1909 hawezi kuwa ndani ya kisa kinachoeleza majina yaliyokuwapo kabla ya babu zake.

Kwa nini basi anawekwa humo? Kisasili hakina jina la malkia, na mtandao hautaki hadithi isiyo na jina wala sura. Wangu alikuwa mwanamke, kiongozi, na aliondoka kwa aibu, basi akavishwa. Siku hizi akili unde inamalizia kazi: anachorewa kiti cha enzi na taji, na picha inasambazwa kana kwamba mpigapicha alikuwapo.

Kwa hiyo ukiletewa "Je, wajua?" ya aina hii, usianze na kweli au uongo. Uliza nani aliisimulia, wapi, na lini. Akaunti isiyoweza kujibu hata moja kati ya hayo imekuletea mzigo uliobanduliwa anwani.

Na kama wewe ndiye unayerekodi, ukienda mashambani Desemba na simu yako, muombe nyanya ruhusa kabla ya kubonyeza. Mwache atumie lugha yake. Tafsiri itakuja baadaye chini ya video. Taja kijiji, taja mwezi na mwaka, taja kama ilikuwa jioni jikoni au mchana mbele ya wageni, maana wapo wasimulizi ambao mchana hawatoi ngano kamwe. Atakapotua katikati na kusema "hivi ndivyo mama alivyotuambia, ila shangazi yake alikuwa na mwisho mwingine", usikate kipande hicho ili video itoshe ndani ya dakika moja.