Wavu wa tumbo: unawekwa wa nini baada ya uvimbe kutolewa?

Wavu wa upasuaji ni kipande cha kitambaa chenye matundu, kinachowekwa ndani, kati ya tabaka za ukuta wa tumbo. Ule wa plastiki kwa kawaida hautolewi tena.

Chukua desmoidi, uvimbe unaoweza kuota kwenye misuli ya tumbo, hasa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, wakati mwingine palepale penye kovu la upasuaji wa kujifungua. Hausambai kwenda ini wala mapafu, ila una tabia ya kurudi ulipotolewa. Siku hizi madaktari wengi huanza kwa kuufuatilia tu, kwani mwingine husinyaa wenyewe. Ikibidi kukatwa, hukatwa pamoja na sehemu ya misuli inayouzunguka, na hapo hubaki pengo. Likiwa dogo hushonwa. Likiwa pana, kuvuta kingo kwa nguvu ni kujitafutia henia: uzi huchana nyama, utumbo ukajitokeza.

Ndipo unapohitajika wavu, mara nyingi wa polipropilini (aina ya plastiki), uliopita kingo za pengo kwa kama sentimita 5 kila upande. Nyuzi za kushonea huushikilia mwanzoni tu. Kazi yenyewe hufanywa na mwili: nyama mpya hupenya kwenye matundu na kujisokota humo, kama gugumaji kwenye nyavu za wavuvi wa Dunga, Kisumu, mpaka kuutoa inakuwa vita.

Polipropilini tupu ikigusa utumbo, hugandana nao na inaweza hata kuutoboa. Kwa hiyo huachwa tabaka la mwili katikati, au hutumika wavu wenye upande uliopakwa kinga. Upo pia unaotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Mwislamu au Msabato aulize kabla ya kuingia thieta.

Sasa mama aliyewekewa wavu karudi nyumbani Nyalenda, Kisumu, kovu limekauka, anajiona mzima. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na nyama bado haijashika vizuri. Wengi huambiwa wasinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 au zaidi. Kikohozi kitibiwe, sukari idhibitiwe, sigara iachwe. Homa, usaha au uvimbe unaoongezeka ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki za baadaye zisirukwe, maana wavu hauzuii desmoidi kurudi. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hakina shida na wavu wa plastiki: plastiki haivutwi na sumaku.